Alama Kwenye Mguu wa Baba

Fundi baiskeli mmoja pale Manyoni alikosa grisi, akachukua kipande cha mafuta ya mkia wa kondoo akaupaka mnyororo, na ile harufu ikanikalisha chini. Nilikuwa nimesimama nikisubiri lori la kwenda Singida, ambako sikuwa na shughuli yoyote. Ninyi wa rika langu mnaonijua mnajua kwamba nusu ya safari zangu hazina sababu. Chuma, mafuta ya kondoo na vumbi lililopigwa na jua: nilimwona baba yangu waziwazi, ameketi kwenye kigoda mlangoni mwa tembe, anaupaka mguu wake mafuta kabla ya kutoka na ng'ombe.

Pembeni ya fundi alikuwepo kijana wa shule mwenye gazeti la hadithi. Alikuwa anatusimulia habari za mtu ambaye wataalamu walimkata viungo wakamtia vya chuma, mpaka hakuna aliyejua tena kama ni mtu au ni mashine. Nilimsikiliza mpaka mwisho, maana mimi hadithi siikatishi. Kisha nikamwuliza hadithi za namna hiyo zimetoka wapi.

"Ulaya, mama," alisema. "Huko ndiko zilikoanzia. Walizoea viwanda, wakaanza kujiuliza itakuwaje mtu akichanganywa na mashine."

"Si kweli."

Akacheka kwa adabu. "Mama, imeandikwa hapa."

"Wewe umemsoma. Mimi mtu wa namna hiyo amenibeba mgongoni."

Lori likafika, sikupanda. Ninaandika haya kwa sababu ya kicheko kile. Shule niliiacha mapema, mwalimu wa misheni alipochoka na maswali yangu nami nikachoka na majibu yake, lakini kuandika nilijifunza, na jambo hili sitakubali liandikwe na wengine peke yao.

Kwetu ni Ipagala. Siku hizo ilikuwa mbuga yenye tembe chache, miti ya mikambala, na upepo uliobeba vumbi kutwa nzima. Mama yangu alifariki nikiwa sijaota meno, nikalelewa na baba, Ndahani, pamoja na mama yake, yaani bibi yangu. Wadachi walipoleta reli kutoka pwani, jumbe alipita nyumba hadi nyumba akichagua wanaume wa kujenga tuta. Baba alichaguliwa. Aliondoka akitembea kama watembeavyo wachungaji wetu, hatua ndefu, fimbo begani. Baada ya miezi kadhaa alirudishwa amelala juu ya machela. Toroli la mawe lilikuwa limemwangukia, na daktari wa kambi akaukata mguu wa kushoto chini ya goti.

Kwa mchungaji wa Kigogo hilo ni neno zito. Mtu asiyeweza kufuata ng'ombe hugawa ng'ombe wake kwa ndugu wawachunge, kisha hukaa ndani akisubiri aletewe maziwa ya ng'ombe wake mwenyewe kama mgeni. Baba alikaa msimu mzima akitazama mlango. Alikonda. Bibi alimpikia ugali wa uwele na mlenda, akala matonge mawili akasukuma chungu.

Aliyemtoa ndani ni Fundi Salumu. Huyu alikuwa mtu wa mjini, Mwislamu, ambaye babu yake alifika na misafara ya zamani akabaki, naye akakua akisema Kigogo kama sisi. Alifua vyuma kwenye karakana ya reli, na nyumbani kwake alikuwa na kibanda chake kidogo cha uhunzi. Alimfahamu baba kutoka kambini. Siku moja alikuja amebeba kitu kimefungwa kwenye gunia.

"Ndahani, nimekuletea mguu," alisema. "Usiulize umetoka wapi. Ulikuwa umetupwa, na wewe ulikuwa umetupwa, nikaona mfahamiane."

Ulikuwa mkono wa breki wa toroli bovu, umepindwa na kufuliwa upya. Juu ulikuwa na kikombe cha ngozi ya ng'ombe na mikanda ya kufungia pajani, chini una kwato pana ya chuma, na katikati springi nene iliyolia kila alipokanyaga. Siku ya kwanza baba alianguka mara nyingi. Kufikia mvua za kwanza alikuwa amesharudi malishoni, na mlio ule ukawa saa yetu: tuliusikia kabla hatujamwona.

Watoto wa jirani nao waliusikia. Chidosa, mwana wa nyumba ya pili, ndiye aliyeanza.

"Nyemo! Baba yako anakula makaa!"

Nilikuwa na umri wa kama miaka tisa, na sikuwa mtoto wa kulia. "Ndiyo," nikamjibu. "Anakula debe zima. Na akinywa maji ya birika la stesheni, masikio yanatoa moshi."

Wenzake wakasogea. "Kweli?"

"Mwulizeni bibi. Moyo wake haupigi tena, unapuliza mvuke. Akiamua, anaweza kulivuta gari la moshi peke yake mpaka Tabora."

Kuanzia siku hiyo nilikuwa na watu. Kila tulipopeleka ndama kisimani walinizunguka nisimulie zaidi, na nilisimulia. Bibi alikuwa na ngano yake ya zamani ya mtu mwenye upande mmoja wa nyama na upande mmoja wa nta, anayeogopa jua. Mimi nilitoa nta nikatia chuma, nikamwondolea woga. Hakuna mzungu aliyeninong'oneza. Hakuna kiwanda nilichowahi kukiona. Nilikuwa na mzaha wa Chidosa, mlio wa springi, na kiburi changu. Kijana wa Manyoni anaweza kuniambia zilikoanzia hadithi za Ulaya, nami nitamsikiliza. Za kwetu zilianzia kisimani Ipagala, kwa sababu nilikataa baba yangu achekwe.

Shida ni kwamba msimulizi mwenyewe nilikuwa wa kwanza kuamini. Nilianza kumtazama baba kwa wasiwasi. Kama chuma kilikuwa kimeshika mguu, nini kingekizuia kupanda? Kuchwa kwa kila siku kulimkuta mkimya zaidi, na nikadhani sauti yake inageuka. Basi asubuhi moja, alipokuwa anajipaka mafuta, nilijifanya namsaidia kukaza mkanda, nikamchora mstari wa masizi ya chungu pajani, pale ngozi ya kikombe ilipoishia. Kesho yake nikatazama. Mstari ulikuwa umefunikwa. Leo najua kwamba mikanda ililegea na kikombe kilipanda na kushuka. Siku ile niliona kwa macho yangu kuwa chuma kimepanda upana wa kidole.

Nilikimbia kwa bibi, alikokuwa akitwanga. Nilimweleza yote, mstari, masizi, kidole. Sikujua angefanya nini, pengine angenicheka. Bibi alisimamisha mchi.

"Umeuangalia vizuri huo mguu? Una alama?"

Ulikuwa nayo. Kwenye bapa la chuma, karibu na springi, zilipigwa herufi tatu ndani ya duara. Sikujua kusoma, lakini alama niliijua ni nini, kama ajuavyo kila mtoto wa Kigogo. Ng'ombe wetu wote walikatwa masikio kwa mkato wa ukoo, sisi mikato miwili ukingoni, na ng'ombe akipotea hata nchi ya mbali, sikio lake lilisema yeye ni wa nani.

"Hapo ndipo penye jambo," bibi alisema. "Chuma hakipandi, mjukuu wangu. Lakini mwanangu anatembea na alama ya watu."

Kwa hiyo woga wangu ukabadilika, na hofu hii mpya ilikuwa kubwa kuliko ile ya chuma kupanda. Katika gazeti la yule kijana watu walihangaika kutaka kujua kama yule ni mtu au ni mashine. Mimi na bibi hatukuhangaika na hilo hata kidogo. Baba alikuwa baba, awe na moyo au awe na mvuke. Tulichotaka kujua ni kimoja: ni wa nani? Kama nusu yake imetengenezwa na kupigwa alama na reli, siku reli ikimwita, atakataaje?

"Tuifute," nikasema.

Bibi akanikaripia kana kwamba nimetukana. "Tufute? Anayefuta alama ni mwizi! Mnyama akija kwako kwa halali, unaacha alama ya kwanza, unaongeza yako. Hivyo kila mtu anaona amepita wapi."

Ndiyo desturi ya kwetu, na katika desturi hiyo hapakuwa na kosa. Kosa lilikuwa kudhani Wadachi nao wanafuga hivyo.

Nilimwomba baba ruhusa. Aliinamisha kichwa kuutazama mguu wake, kisha akasema, "Mbona hatukufanya hivyo tangu mwanzo?" Tukaenda wote wawili kwa Fundi Salumu.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba, binti. Mguu umevunjika?"

"Haujavunjika. Tunataka umkate sikio."

Alipoelewa alicheka mpaka akakaa juu ya fuawe. Kisha akaacha kucheka. "Ndahani, kama ni suala la alama, mimi nakushauri niisage hii ya kwao. Dakika chache tu kwa tupa. Wallahi itakuwa salama zaidi."

"Sikuiba," alisema baba. "Kwa nini nifiche?"

Fundi akatikisa kichwa, akashika tupa. Alikata mikato miwili ukingoni mwa bapa, mizuri, iliyolingana, chini kidogo ya lile duara. Vumbi la chuma lilimwagika likimetameta, na mimi nikapumua kama mtu aliyefika nyumbani.

Haukupita msimu mmoja wa mvua. Baba alizoea kupitisha ng'ombe kando ya tuta kwenda majini, na msimamizi wa njia, Mdachi ambaye vibarua walimwita Bwana Kikohozi kwa sababu alikohoa kabla ya kila amri, alipita juu ya toroli lake akauona mguu. Alimsimamisha. Alizisoma herufi. Kesho yake askari wawili walikuja tembeni kumchukua baba kwenda bomani, nami nikawafuata, na hakuna aliyejishughulisha kunifukuza.

Kesi ilisikilizwa barazani, watu wa sokoni wakiwa wamejaa uani. Bwana Shauri, Mdachi aliyeamua kesi za wilaya, alikaa nyuma ya meza. Alijua Kiswahili lakini si Kigogo, hivyo mkalimani alisimama kati yake na baba. Bwana Kikohozi alieleza kwamba kile ni chuma cha reli, kimeibwa, na alama inaonekana.

"Nani alikutengenezea?" aliuliza Bwana Shauri.

Nilimwona Fundi Salumu nyuma ya watu, uso umemkauka. Angetajwa, angepoteza kazi na ngozi ya mgongo.

Baba alifikiri kidogo. "Mwambie umeota."

Mkalimani akatazama kulia na kushoto. "Umeota?"

"Walikata, ukaota. Walipanda reli nchini kwetu, wanashangaa kuona imemea?"

Watu wakaangua kicheko uani. Bwana Shauri akapiga meza. Akaagiza mguu uvuliwe, na askari mmoja alipoinama kuufungua, mimi sikuweza tena kunyamaza.

"Ni wa kwetu!" nilipiga kelele. "Una alama yetu! Mikato miwili, tazameni!"

Wakatazama. Bwana Kikohozi akaonyesha kwa kidole, akasema kwamba kumbe si wizi tu, mali imeharibiwa pia. Mkalimani akatafsiri. Nilidhani nimemwokoa baba kwa alama ile, na sasa ndiyo iliyomkaanga.

Baba hakunitazama kwa hasira. Alimsukuma askari taratibu, akafungua mikanda mwenyewe, mmoja baada ya mwingine, akauweka mguu juu ya meza, juu ya karatasi za Bwana Shauri. Akabaki amesimama na mguu mmoja na fimbo yake, kama wasimamavyo wachungaji wetu wakipumzika, na kwa mara ya kwanza niliona kwamba kusimama hivyo hakukumpunguzia kitu.

"Haya," alisema. "Tulibadilishana. Mimi niliwapa wangu, uko chini ya tuta, nyinyi mkanipa huu. Kama leo mnamtaka ng'ombe wenu, mchukueni. Na wangu mniletee. Nasubiri hapa."

Bwana Shauri alimgeukia mkalimani. "Anasema nini?"

Mkalimani alikuwa na watoto, simlaumu. "Anasema asante, bwana mkubwa."

Sikuwahi kumsikia baba akisema Kiswahili. Kambini alikisikia muda mrefu, lakini nyumbani hakukitumia. Siku ile alikitoa, polepole, kila neno peke yake.

"Sikusema asante. Nilisema, leta mguu wangu."

Viboko alipigwa. Sitavieleza, kwa sababu mwenyewe hakuwahi kuvieleza. Mguu wa chuma ulibaki juu ya meza, na baba alirudi Ipagala ameshika bega langu upande mmoja na fimbo upande wa pili, na tulipumzika chini ya kila kivuli. Njiani nililia kwa sababu ya mdomo wangu. Akaniuliza nalilia nini, nikamwambia.

"Mle ndani kila mtu alisema mguu ni wa reli," alisema. "Ni wewe tu uliyesema ni wa kwetu. Unalilia hilo?"

Alilala kifudifudi siku nyingi. Bibi aliupaka mgongo wake samli. Niliogopa kwamba atarudi kutazama mlango kama msimu ule wa kwanza, na safari hii hapangekuwa na fundi wa kumtoa, maana nani angethubutu kuokota tena chuma cha reli? Kisha asubuhi moja bibi aliingia ndani akatoka na jembe la zamani, lililoliwa na udongo hadi likabaki kama kiganja. Lilikuwa mojawapo ya majembe yaliyotolewa mahari alipoolewa.

"Hili halina Mdachi," alisema, akaliweka miguuni pa baba.

Sijui nani alipeleka habari. Jioni ya siku hiyo jirani mmoja alileta jembe lililovunjika. Mwingine akaleta ncha ya mkuki wa marehemu mumewe. Mama yake Chidosa alimtuma mwanawe na kengele ya ng'ombe. Chidosa aliiweka chini bila kuniangalia, akasema, "Ya springi," akakimbia. Tulijaza kikapu. Nilikibeba mimi mpaka kwa Fundi Salumu, nikidhani atatufukuza.

Alikagua kimoja kimoja. "Pale bomani baba yako angeweza kunitaja," alisema, zaidi kwa vyuma kuliko kwangu. Akavua kanzu, akaanza kuvukuta moto mchana ule ule.

Ilimchukua Ijumaa mbili. Mguu ulikuwa mzito kuliko wa kwanza, mweusi, wenye viraka vinavyoonekana mahali kila jembe lilipokutana na jingine. Springi hapakuwa na chuma cha kuitosha, hivyo haukulia, uligonga. Ukingoni fundi alikata mikato miwili.

"Humu hamna hata msumari wa reli," alimwambia baba akimfunga mikanda. "Hata maji ya kupozea nimechota kisima cha msikiti."

Bibi alitaka baba apitishe ng'ombe njia ya nyuma, kupitia vichakani. Mimi pia nilitaka hivyo. Nilikuwa nimeona mgongo wake. Baba alikunywa maziwa yake, akafungua zizi, akashika njia ile ile ya kando ya tuta, nami nikafuata na ndama. Toroli la Bwana Kikohozi lilikuja kutoka upande wa stesheni, vibarua wanne wakilisukuma. Alikohoa.

"Simama!"

Baba alisimama. Bwana Kikohozi akashuka, akaelekeza kidole. Baba akaupandisha mguu juu ya reli yenyewe, ukagonga, akauacha pale kama mtu anayeweka bidhaa mezani.

"Tafuta, bwana," alisema kwa Kiswahili chake cha polepole. "Tafuta vizuri."

Mdachi aliinama. Alizunguka upande wa pili. Alitoa kitambaa mfukoni akafuta vumbi, akapekua chini ya ngozi, akapekua kwenye kwato, na vibarua wake wanne wakatazama mbinguni ili wasionekane wakicheka. Mwisho kidole chake kikafika ukingoni, kwenye mikato.

"Hii nini?"

"Mimi," alisema baba.

Kisha akapiga mluzi, na ng'ombe wetu wakaanza kupanda tuta kuvuka reli, mmoja mmoja, bila haraka, na Bwana Kikohozi akangoja kando ya toroli lake mpaka ndama wa mwisho alipopita.